Sura ya Sita: Vinywa Arobaini na Viwili

Fundi cherehani alikataa kubaki ndani ya gari. Alisema mtu akikaa garini anaonekana anasubiri kuondoka, naye hakuja kuondoka, amekuja kumchukua mwanawe. Akashuka, akaketi kwenye ukingo wa mtaro mkabala na geti la Nyumba, mkoba wake magotini.

"Wanakula saa ngapi?" aliuliza.

"Saa saba," alijibu Inspekta.

"Na baada ya hapo?"

"Vyombo vikishaoshwa, wageni wanatoka. Na mimi nikiwemo. Hakimu amekataa kunipa hati ya upekuzi. Anasema machozi ya mama si ushahidi."

"Yeye hana mama?"

"Subiri hapa," alisema Inspekta.

Kituoni walimbandika jina la Subiri kwa sababu ya neno hilo, na yeye hakulikataa. Miaka ishirini na sita ya kazi, goti moja bovu, na bado aliamini kwamba wahalifu wengi hujikamata wenyewe ukiwapa muda. Leo muda ndio aliokosa. Nyumba ilipokea wageni siku moja tu kwa mwezi, na siku yenyewe ilikuwa hii.

Kwa miaka miwili, tangu binti yake aache kwao na kujiunga na jumuiya ya Nyumba, fundi alikuwa akija kila siku ya wageni, haingii, anasimama hapo mtaroni kumwangalia binti yake akipita uani na ndoo. Miezi miwili iliyopita alimwona ana mimba. Hakuambiwa na mtu. "Mimi ni fundi, afande," alikuwa amesema kituoni. "Nikimwona mtu hata kwa mbali najua gauni limeongezwa wapi. Lile lilikuwa limeongezwa mara mbili, kwa sindano ya mkono. Miezi saba, kama si minane." Mwezi uliofuata binti hakuonekana. Ndoo zilibebwa na mwingine. Basi hesabu ilikuwa nyepesi: kuna mwanamke mahali fulani ambaye siku zake zimefika, na hakuna anayesema yuko wapi.

Msimamizi wa Nyumba alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kukunjamana. Alimkaribisha Inspekta ofisini kwa adabu zote, akammiminia chai kwa mkono wake.

"Utanisamehe kwa maziwa," alisema. "Siku hizi ni mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nimebadilisha muuzaji mara mbili, lakini wapi."

"Labda ng'ombe wanakunywa maji mengi."

Msimamizi hakucheka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mambo yasiwe mengi, afande. Binti ameondoka. Niliikuta hii chini ya mlango wangu asubuhi, wiki sita zilizopita. Hatumfukuzi mtu hapa, wala hatumfungi."

Barua ilikuwa fupi. *Msimamizi, naondoka kwa hiari yangu. Nakwenda kwa shangazi. Msinitafute.*

Inspekta alitoa mkobani mwake daftari la vipimo alilopewa na fundi. Binti alilijaza mwenyewe tangu akiwa na miaka kumi na minne: kiuno, kifua, mabega, urefu wa mkono, wateja mia kwa mia. Aliviweka sambamba. Herufi zilikuwa zilezile, zenye mikia mirefu iliyopinda kushoto. Hakuna aliyeighushi barua hii.

"Ana shangazi?" aliuliza.

"Nani hana shangazi?"

Huyu hakuwa naye. Baba yake binti alizaliwa peke yake, hana dada wala kaka. Fundi alilisema hilo mara tatu. Inspekta aliliacha jambo hilo palepale lilipokaa. "Alikuwa mjamzito."

"Alikuwa. Na mtoto angelelewa vizuri kuliko anavyolelewa huko nje. Watoto wetu wana nyumba yao ng'ambo ya mto, chini ya kiongozi wetu, Mlezi Mkuu mwenyewe. Mama zao wanawaona mara moja kwa mwezi."

"Mara moja kwa mwezi."

"Mtoto ni wa Nyumba, afande. Si wa mtu."

Inspekta alimaliza chai yake mpaka tone la mwisho ili asijibu. Kisha akaomba kusubiri chakula jikoni, maana goti lake lilipenda joto. Msimamizi aliona ombi la mwanamke mwenye goti bovu halina madhara, akakubali. "Ila ukumbini hatuongei," alionya. "Kinywa chenye chakula hakisemi. Ndiyo sheria ya kwanza ya Nyumba, na haina mkubwa wala mdogo."

Jiko lilikuwa kubwa, jeusi kwa moshi, safi kuliko ofisi. Mafiga matatu ya kuni, tanuri la mkate lililojengwa ukutani, na katikati ya yote Mpishi, mwanamke wa rika la Inspekta mwenye mikono minene na leso kichwani. Hakushtuka kumwona polisi. Alimsukumia kigoda, kisu na sufuria ya viazi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Menya."

Inspekta akamenya. Mpishi alitazama ganda la kwanza likianguka.

"Dada, unamenya kama una mshahara."

"Ninao."

"Sisi hatuna. Ganda likiwa na afya kuliko kiazi, umetuibia."

Inspekta alijaribu tena, polepole, mpaka ganda likawa jembamba la kupitisha mwanga. Mpishi akaguna kuonyesha ameridhika. Alikuwa akizunguka na kazi zake bila papara: maharage yaliyolowekwa tangu jana, maji yake ya kuchemshia hayamwagwi, ni supu ya jioni. Mifupa iko motoni kwa siku ya pili. Mkate uliokauka umesagwa kwa chupa na kutiwa kwenye mchuzi wa maharage ili uwe mzito. Mchele ulikuwa chenga tupu, zile zinazouzwa kwa wafuga kuku, lakini alikuwa ameziosha mara tano na kuzipika zikasimama moja moja.

"Watu wanafikiri mchuzi mzito ni nyama," alisema. "Kumbe ni mkate wa juzi. Siwaambii. Mtu akidhani ameshiba, ameshiba."

"Leo unapikia wangapi?"

"Utasikia kwenye dua. Mimi ndiye ninayesema. Kila siku Mungu anaambiwa ni vinywa vingapi vinakula kutoka chungu hiki, havizidi, havipungui. Msimamizi hayumo, yeye chungu chake kidogo na kiko kando."

"Na mimi?"

"Wewe umo. Umemenya."

Inspekta alihamia alikotaka. "Binti wa fundi cherehani alikuwa msaidizi wako."

"Ndiyo. Ana mkono mwepesi yule. Anajua kukata kitunguu kimoja kikaonekana vitatu."

Ana. Anajua. Watu wakimsema mtu aliyeondoka wiki sita zilizopita, ndimi zao huwa zimeshahamia kwenye 'alikuwa'. Inspekta akaokota kiazi kingine.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

Mpishi akafunua chungu. "Afande, maharage haya yakiungua, ukumbi mzima unalala njaa. Nivumilie kidogo."

"Amekwenda wapi?"

"Hebu nipe chumvi, iko nyuma yako."

Inspekta akampa chumvi. Alikwisha kukutana na waongo wa kila namna, wanaolia, wanaoapa, wanaocheka. Huyu hakuwa mwongo. Kila swali lilipomfikia alilikwepa kama mtu anayepisha gari njiani, lakini uongo hakusema hata mmoja. Ilikuwa wazi kwamba hawezi.

Kwenye kona ya jiko palikuwa na mlango wenye kufuli kubwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mpishi, kwenye kamba. Inspekta aliweka kisu chini.

"Mle ndani kuna nini?"

"Vya wakubwa."

"Fungua."

Mpishi alimtazama muda mrefu kiasi cha kumfanya Inspekta aamini amefika. Kufuli likaachia. Ndani palikuwa na magunia mawili ya sukari, mafuta ya kupikia, mchele mzima mweupe, samaki wa kopo, na debe la maziwa lenye mfuniko. Hapakuwa na kitanda wala dirisha, na mtu asingeweza hata kulala humo amejikunja. Inspekta aligonga kuta zote nne, akapata vumbi kwenye vifundo vya vidole.

Alipogeuka aliona kikombe cha bati kimetundikwa juu ya debe. Kilikuwa kimelowa, na kando yake palikuwa na jagi la maji.

"Maziwa haya anakunywa nani?"

"Ni ya chai ya Msimamizi."

"Analalamika kwamba ni mepesi."

Midomo ya Mpishi ilicheza kidogo. "Maziwa yanatoka kwa ng'ombe, afande. Mimi si ng'ombe." Akafunga mlango, akaenda kugonga kengele ya chakula.

Ukumbi ulikuwa na meza tatu ndefu na mabenchi. Watu waliingia kimya, wanawake kwa wanaume, wengi wazee, nguo zimefifia kwa kufuliwa. Bawabu naye alifunga geti, akaja na funguo zake kiunoni, akaketi. Mgeni alikuwa Inspekta peke yake. Inaonekana jamaa wengine walikwisha kuchoka kuja. Alihesabu watu, kwa mazoea tu, kama polisi anavyohesabu watu hata arusini. Thelathini na tisa. Na Mpishi, arobaini. Na yeye mwenyewe, arobaini na mmoja.

Mbele ya mzee mmoja mwembamba sahani ilikuwa imefunikwa kifudifudi.

"Amefanyaje?" Inspekta alimnong'oneza mwanamke wa pembeni, mfumaji wa mikeka aliyejitambulisha mlangoni.

"Amegeuziwa sahani. Wiki nzima atakaa mezani bila kula. Alicheka katikati ya dua. Tunamwita Babu Kicheko."

"Alicheka nini?"

Mfumaji aliangalia mezani. "Alicheka tu."

Msimamizi alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mpishi akafumba macho.

"Mungu mpaji, leo tuko vinywa arobaini na viwili kwenye chungu kimoja. Ulichotupa kitutoshe, na kisichotosha kituunganishe."

"Amina," ukaitikia ukumbi mzima.

Inspekta alihesabu tena. Alianza meza ya dirishani, akaishia kwa Babu Kicheko na sahani yake. Arobaini na mmoja. Hakuna aliyeinua uso kumtazama Mpishi, hakuna aliyekunja paji. Hesabu ya arobaini na viwili walikuwa wameisikia na kuiitikia kama kitu wanachokijua. Msimamizi naye aliisikia, kama alivyosikia hesabu ya kila siku kwa wiki sita, akageuka kwenda kula kwake. Mtu asiyepakua hajui watu ni wangapi. Nyayo zake zilipopotea ukumbini, vijiko vikaanza.

Ndipo, katika ukimya ule, sauti ilipotoka upande wa jikoni. Ilikuwa nyembamba na fupi, ya kitu kidogo kilichokasirika. Haikumaliza hata pumzi moja. Mpishi aliangusha mfuniko wa sufuria sakafuni, mfumaji akakohoa, na jirani yake akakohoa, na meza ya pili yote ikapatwa na kikohozi. Babu Kicheko alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika, akiwa tayari kucheka tena kama ingehitajika.

Inspekta akaelewa kicheko cha wiki iliyopita. Aliyaelewa na maziwa.

Kikohozi kilipotulia, Babu Kicheko alimwangalia mgeni, akamkonyeza, akainua sahani yake kidogo upande mmoja. Chini yake palikuwa na sahani nyingine, imejaa wali na maharage.

Kisha likaja bakuli. Lilianzia meza ya dirishani, dogo, la udongo, likipita mkono kwa mkono chini ya usawa wa meza. Kila lilipofika, mtu alichota kijiko kimoja kutoka sahani yake mwenyewe, akakitia, akalisogeza. Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna sahani ya ukumbi ule iliyokuwa na kijiko cha ziada. Inspekta alikuwa ameona zikipakuliwa kwa kikombe, zimesawazishwa kwa kisu juu. Bakuli likafika kwa mfumaji. Alitia kijiko chake, akabaki amelishika. Alimtazama Inspekta, akaitazama sare yake. Meza nzima ilikuwa imeacha kutafuna.

Inspekta alichota kijiko kimoja cha wali, akakitia bakulini. Akachota na cha pili. Alishukuru sana kwamba katika Nyumba hii watu hawaruhusiwi kusema.

Bakuli lilipomaliza safari yake, Mpishi alilifunika kwa leso na kuingia nalo jikoni. Inspekta alimfuata, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Nimehesabu arobaini na mmoja," alisema.

Mpishi aliweka bakuli mezani. "Najua. Nilikuona ukihesabu."

"Ungesema arobaini na mmoja tu, nisingejua kitu."

"Ningemwambia Mungu arobaini na mmoja, afande, ningekuwa nimemuua yule binti kwa mdomo wangu. Watu naweza kuwanyamazia. Huko juu siwezi."

Inspekta aliketi kwenye kigoda. Goti lilimuuma na hakulijali. "Tangu asubuhi natafuta mtu aliyemfunga," alisema. "Barua ile ndiyo iliyonipoteza. Nilidhani amelazimishwa kuiandika. Lakini anayemfunga mtu haandikiwi barua chini ya mlango wake mwenyewe. Angeipeleka kwa mama mtu. Barua iliandikwa ili Msimamizi aamini."

"Aliiandikia hapo ulipokaa. Mimi nilishika taa."

"Kumbe hamkumfungia. Mmemficha."

"Yule pale ofisini alikwisha kutayarisha gari la kumpeleka mtoto ng'ambo ya mto siku anayozaliwa. Mimi wangu alipelekwa, miaka kumi na tisa sasa." Mpishi aliyasema hayo akifuta meza ambayo haikuwa chafu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikasema huyu hapana."

"Niongoze."

Nyuma ya tanuri palikuwa na stoo ya kuni. Mpishi alisogeza fungu la kwanza, na nyuma yake pakaonekana nafasi ya kuweza kulala mtu na nusu. Ukuta ulikuwa na joto la tanuri. Binti wa fundi alikuwa ameketi juu ya godoro la magunia, uso umechongoka, mtoto kifuani. Kando yake palikuwa na kikombe kilichobaki na ute mweupe wa maziwa. Alipoona sare, alimfunika mtoto kwa mwili wake wote.

"Tulia, mwanangu," alisema Mpishi. "Huyu amechangia."

"Ana siku ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Tisa," alinong'ona binti. "Wa kike."

Inspekta alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa haraka. Halikuwa joto la ukuta. Alimtazama Mpishi.

"Tangu jana asubuhi," alisema Mpishi, na macho yakamjaa machozi. "Tumemkanda, tumempa supu ya mifupa. Haishuki. Nilipokuona unaingia nilitaka kukuambia. Nikaogopa."

"Hospitali. Sasa hivi. Gari langu liko nje."

"Siendi," alisema binti.

"Mwanangu, una homa ya uzazi. Homa hii haina mchezo."

"Nikitoka hospitali nitakwenda wapi? Mume wangu yuko kwenye mashamba ya Nyumba, na yeye amekubali mtoto apelekwe. Nikionekana barabarani watakuja kumchukua. Sina mlango wa kugonga."

"Mama yako yuko hapo nje, kwenye ukingo wa mtaro."

Binti alitikisa kichwa. Alitikisa tena na tena, machozi yakimtoka bila sauti. "Siku nilipoondoka kuja huku, alisimama mlangoni, akaniambia nikivuka kizingiti kile nisirudi tena. Wewe humjui mama. Akishasema neno, harudii, wala halifuti. Mwache anione kwa mbali kama siku zote. Mimi nitabaki hapa."

Hilo fundi hakulisema kituoni. Inspekta alifikiria kumbeba kwa nguvu, akaona haiwezekani. Mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyejificha kwa hiari yake. Ukimburuta mbele ya ukumbi ule atapiga kelele, na kelele zitamwita Msimamizi kabla hajafika getini. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumtoa.

"Subiri," alisema, akarudi ukumbini.

Bawabu alimwona akija. Kinywa kilikuwa kimejaa. Alichomoa ufunguo wa geti kiunoni, akamkabidhi bila kuacha kutafuna.

Fundi cherehani alisimama kabla geti halijafunguka lote.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Una mjukuu, wa kike. Binti ana homa kali na anakataa kutoka." Inspekta alimshika mkono kumvusha barabara. "Hukuniambia ulimfukuza."

Fundi aliukumbatia mkoba wake. "Ningekuambia," alisema, "ungeona ni mambo ya nyumbani, usingekuja."

"Ningekuja."

"Mimi sikuwa na uhakika. Miaka miwili nasimama pale nje, nashindwa kuvuka barabara, kwa sababu ya mdomo wangu huu."

Walipoingia ukumbini, Msimamizi alikuwa amesimama katikati, kati ya meza ya kwanza na ya pili, kitambaa cha kufutia mikono bado begani. Geti lilikuwa limelia, na yeye alizijua sauti zote za geti lake.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Hakuandikishwa."

"Ni mama mtu," alisema Inspekta. "Nyuma ya tanuri lako kuna mgonjwa na mtoto mchanga."

Msimamizi alibadilika rangi. Ilikuwa dhahiri kwamba hakujua, na kwamba kutojua kulimuuma kuliko kitu chochote. Aligeuka kuelekea mlango wa jikoni, ambako Mpishi alikuwa ametokea.

"Wewe! Ulijua?"

Mpishi, ambaye hajui kusema uongo, alienda mahali pake kwenye benchi, akaketi. Akachukua kijiko, akakijaza wali, akakitia mdomoni. Akaanza kutafuna taratibu, akimtazama Msimamizi usoni.

"Nakuuliza, ulijua? Na nyie wengine, nani alijua?"

Mfumaji wa mikeka alichota wali. Bawabu alichota. Meza ya dirishani ilichota, na meza ya mwisho, mpaka hapakuwa na kinywa kitupu ukumbi mzima. Waliokuwa wamemaliza chakula walitafuna hivyohivyo. Babu Kicheko alichukua sahani iliyogeuzwa, akaiweka pembeni mbele ya macho ya watu wote, akala kwa raha kile kilichokuwa chini yake.

Kinywa chenye chakula hakisemi, na sheria hiyo haina mkubwa wala mdogo. Msimamizi alifungua mdomo, akaangalia vinywa vile vikimtafunia, akaufunga.

"Hati yako ya upekuzi iko wapi?" alimgeukia Inspekta mwishowe.

"Mgonjwa hahitaji hati. Anahitaji daktari. Na nikirudi hapa kesho kuuliza nani amegeuziwa sahani, nisikute hata mmoja. Tupishe."

Hakupisha. Lakini fundi cherehani hakuwa amesubiri apishe. Alikwisha kumzunguka kwa upande wa pili wa meza, mkoba ubavuni, na ukumbi mzima ulikuwa ukivuta miguu ndani ya mabenchi ili apate njia.

Mpishi aliwatangulia stoo, akaondoa kuni. Fundi aliinama chini ya kizingiti cha juu cha mlango, akabaki ameinama hivyo. Alitazama godoro la magunia, akatazama gauni lililoongezwa mara mbili kwa sindano ya mkono, akamtazama mwanawe.

Binti alijisogeza mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama," alisema. "Ulisema nisirudi."

Fundi alipiga magoti kwenye vumbi la kuni.

"Nilisema usirudi," alijibu. "Sikusema sitakufuata."

Kisha binti alifunua shuka, akamnyanyua mtoto, akamweka mikononi mwa mama yake, na kwa mkono uliobaki akaanza kupapasa gizani, akitafuta viatu.